Wakimbiaji wa Unguja na Pemba: programu ya mbio ikikwambia umeshuka kiwango, angalia kwanza ni mwezi gani

Kobe wa Maisara (#1)

Assalam aleykum wakuu.

Siku hizi ukipita Maisara baada ya sala ya alfajiri utamkuta mtu kamaliza kukimbia, kalowa chapachapa, lakini hasimami. Simu kaiinua usoni, anaizunguka gari iliyoegeshwa pale pembeni, raundi ya kwanza, raundi ya pili, macho kwenye kioo, mpaka 9.87 igeuke 10.00. Hapo ndipo anainama kushika magoti. Simcheki, raha ya namba naijua. Lakini kila Kaskazi ikikolea, Januari na Februari hivi, kwenye kikundi chetu zinaanza kuingia picha za simu zenye mshale mwekundu unaoshuka, na chini yake swali lile lile: "Jamani nimeshuka, niongeze mazoezi?"

Usiongeze kitu. Ngoja nieleze, maana hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Unapokimbia, damu ina kazi mbili kwa wakati mmoja. Inapeleka oksijeni kwenye misuli, na inabeba joto la ndani kulileta kwenye ngozi litoke. Julai, Kusi imeshika na alfajiri ina ubaridi, hiyo kazi ya pili ni nyepesi. Februari sehemu kubwa ya damu inakimbilia kwenye ngozi, jasho nalo linapunguza maji yaliyomo kwenye damu, kwa hiyo kila pigo la moyo linasukuma damu kidogo kuliko kawaida. Moyo unafidia kwa kupiga haraka zaidi. Na jasho linapoza mwili pale tu linapokauka. La kwetu, kwa unyevu huu wa hewa, halikauki, linadondoka. Ndiyo maana njia ile ile ya Maisara kwenda Mazizini, kwa mwendo ule ule wa dakika 6 na nusu kwa kilomita, Julai unaimaliza unapiga soga na Februari unaimaliza mdomo wazi.

Programu haina habari na jasho lako. Zipo saa za bei kubwa zinazojaribu kufanya hesabu ya joto, lakini programu nyingi za simu zinaona vitu viwili, mwendo na mapigo ya moyo, basi. Ikiona mapigo yamepanda na mwendo ni ule ule, inaandika kwamba mwili umedhoofika, na kile kipimo cha VO2max, yaani oksijeni nyingi kabisa ambayo mwili unaweza kuitumia, kinashuka. Watu wanadhani saa inapima oksijeni. Haipimi. Ukitaka kupimwa kweli unavishwa barakoa maabara, unakimbizwa kwenye mashine mpaka ushindwe. Saa inakisia tu kutokana na hivyo vitu viwili. Kwa hiyo linganisha Februari na Februari ya mwaka jana, usilinganishe na Agosti.

Halafu zile kanda za mapigo zenye rangi, za kukwambia unakimbia polepole au kwa nguvu. Nyingi zinaanza kwa kukisia kilele cha mapigo yako kwa hesabu ya 220 kutoa umri wako. Hiyo ni hesabu ya wastani wa watu wengi. Mtu mmoja mmoja anaweza kuwa juu au chini yake kwa mapigo kumi na zaidi, naye mzima kabisa. Ipo nyingine ya watafiti ya mwaka 2001: 208 kutoa asilimia 70 ya umri. Kwa mtu wa miaka 40 zote mbili zinaleta 180. Kwa mzee wa 60, moja inasema 160, nyingine 166. Sasa njoo kwenye kanda yenyewe ya kukimbia polepole. Programu moja inachukua asilimia 60 mpaka 70 ya kilele, kwa huyu wa miaka 40 ni 108 mpaka 126. Nyingine inaondoa kwanza mapigo ya kupumzika, tuseme 60, inachukua asilimia zile zile za kinachobaki, kisha inayarudisha yale 60: inapata 132 mpaka 144. Mtu mmoja, asubuhi moja, programu moja inamwambia anajiua na nyingine inamwambia yuko raha mustarehe. Kabla hujaziamini rangi, ingia kwenye mipangilio uone inatumia hesabu ipi, na mapigo ya kupumzika uyapime mwenyewe kitandani, umeamka tu, kabla hujainuka kwenda kutawadha.

Mie kipimo changu cha polepole nimekipata kwenye jogingi za nyimbo. Wale wanaokimbia kwa kuimba na kuitikia, mmoja mbele anatoa, wengine wanapokea. Watu wanaona ni mbwembwe. Lakini ukiweza kuitikia mstari mzima bila kukatika pumzi, uko kwenye kanda ya polepole, iwe Julai, iwe Februari, uwe na saa ya milioni au huna hata kandambili. Wataalamu wa mbio nao wanakitumia kipimo hicho hicho cha kuongea. Ukibaki unaitikia neno la mwisho tu, umeshapita.

Na hapo ndipo programu inaponisaidia, kunizuia. Vikundi vyetu vingi kila asubuhi ni mashindano, hakuna siku ya taratibu, watu wanachoka wiki ya tatu na ya nne hawaonekani. Mtafiti mmoja, Stephen Seiler, aliwachunguza wanamichezo wakubwa wa mbio ndefu, wapiga makasia na wa kuteleza kwenye theluji, akakuta takriban asilimia 80 ya mazoezi yao ni ya taratibu. Sasa fungua simu yako uangalie mwezi uliopita: ni asubuhi ngapi uliweza kuimba? Simu mie inakaa kwenye mkoba wa kiunoni, siitazami njiani. Naifungua usiku, naangalia jumla ya dakika za wiki na kama siku za taratibu zilikuwa taratibu kweli. Hayo mengine, medali za kuchora na vitaji, nawaachia vijana.

La mwisho ni umbali. Ukikimbilia ndani ya Mji Mkongwe, simu itakudanganya. GPS inahitaji kuziona setilaiti zisizopungua nne ili ijue ulipo, na kwenye vichochoro vya Hurumzi au Mkunazini unachoona juu ni utepe wa mbingu. Mawimbi yanagonga kuta za mawe ndipo yafike kwenye simu, yanachelewa, na kuchelewa huko simu inakuhesabu uko mbali zaidi. Nimeona ramani ya mtu imempitisha juu ya mapaa, ikamtosa baharini Shangani, ikamrudisha msikitini. Kilomita alizopewa hizo, mwendo wa Kipchoge.

Karibuni, anayejua zaidi aongeze.

Mbio Bila Saa (#2)

Uzi mzuri lakini mie nauliza. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 pale Christchurch, Februari 2, 1974, dakika 3 sekunde 32.2, akiongoza toka mwanzo mpaka mwisho. Alikuwa na programu gani? Mnajaza vitu vingi kwenye jambo la miguu miwili. Toka nje, kimbia, rudi, oga, nenda kazini.

Kobe wa Maisara (#3)

Bayi hakuwa na programu, lakini umbali na muda wake ulipimwa, ndiyo maana wewe unaijua mpaka ile sehemu ya sekunde. Sisi tusio na kocha wala mtu wa kutupigia saa, simu inatufanyia hiyo kazi. Isipande juu ya hapo tu.

Mwana wa Wete (#4)

Kobe umesema vyema ila uzi wako ni wa Unguja, kwenye nchi tambarare. Njoo Pemba. Huku hakuna kilomita ya bure, unapanda na kushuka tu. Ukitoka Chake kuelekea Mkoani kwa miguu ndipo utajua programu haina adabu: kipande cha kupanda inakwambia unatambaa, dakika 8 kwa kilomita, kipande cha kushuka inakupongeza kwa sauti ya Kizungu kana kwamba umefanya la maana, na kumbe kushuka ndiko kunakoua magoti na mapaja.

Mie nimeacha kuangalia mwendo kabisa. Natumia muda. Leo dakika 45, za kwenda na za kurudi, zikitimia 22 na kitu nageuka. Mlimani nashikilia pumzi ile ile, miguu ipunguze inavyotaka. Ikibidi kutembea natembea, na aibu sina.

Jambo jingine ambalo watu hawalijui: kile kipimo cha "umepanda mita kadhaa" kwa simu nyingi ni cha kubahatisha. GPS hukosea zaidi kwenye urefu wa kwenda juu kuliko umbali wa chini. Saa yenye kipima mgandamizo wa hewa ndani yake ina nafuu, ila nayo mvua ikija na hewa ikibadilika inakuandikia umepanda mlima ukiwa umesimama barazani.

Halafu msimu wa karafuu huku ukipita alfajiri utazikuta zimeanikwa kwenye majamvi mpaka ukingoni mwa lami, inabidi uingie katikati ya barabara. Programu haikuandikii gari ya abiria inayokuja nyuma yako. Masikio wazi, vipachiko vya muziki acheni nyumbani.

Dogo Fuoni (#5)

Wakuu shikamooni. Mie nina miaka 24, nimeanza kukimbia karibuni, nina saa ya mkononi nimezawadiwa. Tatizo langu, nikianza tu kukimbia polepole kabisa, yaani naongea na mwenzangu bila tabu, saa inaandika mapigo 172, 174, haibanduki hapo. Nikisimama inashuka ghafla. Nimeogopa, mama kasema niache. Nina ugonjwa wa moyo?

Kobe wa Maisara (#6)

Marahaba dogo. Tazama kwenye saa hiyo hiyo idadi ya hatua kwa dakika. Nakisia utakuta 172, 174.

Saa za mkononi zinamulika taa ya kijani kwenye ngozi na kusoma mwanga unaorudi, kwa sababu damu ikipita mwanga unabadilika. Lakini mkono ukirushwa huku na huku nao unaleta mtikisiko wenye mpigo wake, na mpigo wa hatua za mkimbiaji mara nyingi ni 160 mpaka 180 kwa dakika. Saa ikilegea, inaacha mapigo ya moyo inashika ya miguu. Ipandishe juu ya kifundo vidole viwili, ikaze wakati wa kukimbia tu, ukimaliza ilegeze. Ikiendelea vile vile, simama ghafla, shika shingo, hesabu mapigo kwa sekunde 15 uzidishe mara nne. Ukitaka kusoma sawasawa ni mkanda wa kifuani, ule unasoma umeme wa moyo wenyewe.

Ila kama unahisi kizunguzungu, kifua kubana au moyo kurukaruka, hilo si la uzi, nenda hospitali, na mama yako ana haki.

Fundi Simu (#7)

Nina kibanda Darajani, malalamiko haya ya programu naletewa kila wiki kwa hiyo nitoe yangu.

"Programu imekata njia, imenichorea mstari ulionyooka kutoka Kilimani mpaka Kiembe Samaki." Ndugu, si programu, ni simu. Hizi simu tunazotumia wengi zina ulinzi mkali wa betri. Ukizima kioo, baada ya dakika chache simu inaona kuna kitu kinakula chaji inakiua. Ukiwasha tena inaunganisha ulipokuwa na ulipo kwa mstari mmoja. Dawa: ingia mipangilio ya betri, tafuta programu yako ya mbio, iruhusu ifanye kazi bila kizuizi. Na ruhusa ya mahali iweke ya kila wakati, isiwe ya wakati programu imefunguliwa tu.

"Bando limeisha kwa hiyo siwezi kukimbia." Unaweza. GPS haili bando, simu inasikiliza setilaiti tu. Bando linasaidia kupata mahali haraka mwanzoni na kuonyesha ramani. Bila bando, simama uwanjani dakika moja mbili mpaka ishike, ndipo uanze. Wengi wanabonyeza kuanza wakiwa bado ndani ya nyumba, kilomita ya kwanza inakuwa maajabu.

Na hizi saa za bei chee. Kuna mteja kaniletea yake, kainunua sehemu nyingine, analalamika inasoma vile vile akilala na akikimbia. Tukaifunga kwenye ndizi, mkono mtupu wa ndizi mbivu juu ya meza. Ikasoma 72. Ndizi nzima, mashaallah, moyo wa mwanamichezo.

Kobe wa Maisara (#8)

😂 Fundi. Ila kwa haki, hata saa nzuri ukiifunga kwenye kitu kisicho na damu inaweza kutoa namba, kwa sababu kazi yake ni kutafuta mpigo kwenye mwanga na itautafuta hata mahali usipokuwepo. Kipimo kizuri ni kile alichosema huyo mteja: namba haipandi ukikimbia.

Bint Kilimani (#9)

Naomba niseme la upande wetu wanawake, maana naona wakaka mmejaa mapigo na setilaiti.

Programu kama Strava ukijiunga bila kugusa mipangilio, mtu usiyemjua anaweza kuona ulianzia wapi, ukapita wapi, saa ngapi, na ukarudi wapi. Ukianzia mlangoni kwako kila siku saa 11 na nusu alfajiri, umemchorea ramani. Januari 2018 dunia nzima ilishtuka pale ilipoonekana kwamba ramani ya joto ya Strava, ile inayokusanya njia za watumiaji wote, imeonyesha kambi za wanajeshi jangwani, kwa sababu wanajeshi walikuwa wanakimbia kuzunguka uzio na saa zao. Ikiwa kambi ya jeshi imeonekana, nyumba yenu ya Kilimani ni kitu gani?

Kwa hiyo dada zangu: fanya akaunti ionekane na wafuasi unaowakubali tu, ficha mwanzo na mwisho wa njia, na hilo la ramani ya joto nalo lina swichi yake, lizimeni. Mie pia sipandishi mazoezi papo hapo, napandisha usiku.

Jambo la pili, na kaka zangu mnisamehe, ila ni la mwili. Kwa wengi wetu, nusu ya pili ya mwezi, kabla ya siku zetu, mapigo ya kupumzika yanapanda kidogo, na joto la mwili nalo. Programu inasema "hujapumzika vya kutosha". Umepumzika. Weka alama ya siku zako, baada ya miezi michache utauona mzunguko wenyewe kwenye mchoro na utaacha kujitilia shaka.

Na baibui la kukimbilia si tatizo, tatizo ni kitambaa. Kitambaa kizito kinazuia jasho kukauka na mapigo yanapanda. Kwa hiyo usijilinganishe na mwendo wa mwanamme mwenye fulana na kaptula. Mjilinganishe na nafsi zenu.

Mbio Bila Saa (#10)

Hili la Bint Kilimani sikuwahi kulifikiria. Umenifungua.

Tabibu wa Zamu (#11)

Nafanya kazi ya afya, nitakuwa mfupi kwa sababu niko zamu.

Kwa watu wazima wanaoanza mazoezi kwa ushauri wa daktari, na siku hizi ni wengi kwa sababu ya presha na sukari: kama unatumia dawa za presha au za moyo za kundi la atenolol, propranolol na ndugu zake, hesabu zote za kanda alizotaja Kobe hazikuhusu. Dawa hizo zinazuia moyo usipande. Nimemuona mtu anajisukuma mpaka anataka kuanguka kwa sababu simu inamwambia mapigo 115 ni kidogo, ongeza. Kwako wewe 115 inaweza kuwa ndiyo kilele. Tumia pumzi na kuongea, na dawa usiache wala kupunguza ili "namba ziwe nzuri". Muulize aliyekuandikia.

Kwa wote, Kaskazi hii: ukikimbia ukahisi baridi inakujia kwenye jua, kichwa kuuma, kichefuchefu, maneno kuanza kukuchanganya, simama, ingia kivulini, jimwagie maji. Mwenzako akianza kuongea pumba huku ngozi inawaka moto, hiyo ni dharura. Mpozeni hapo hapo kwa maji mengi mwili mzima, mwingine apige simu. Msimngoje amalizie kilomita.

Anayehama kutoka baridi kuja kwetu, mwili unahitaji kama wiki moja mpaka mbili kuzoea joto. Wageni wanaoshuka ndege leo na kesho wanakimbia saa 6 mchana barabara ya Paje nawaona sana.

Mkaa Paje (#12)

Nimetajwa 😄. Wageni wetu muwaache, wanatuletea riziki.

Kuhusu ufukweni. Maji yakikupwa, mchanga ule wa karibu na maji ni mgumu kama lami, raha tupu, na anga wazi kwa hiyo GPS inasoma vizuri kuliko mjini. Lakini ukikimbia wakati maji yanajaa utasukumwa juu kwenye mchanga laini, hapo kwa mwendo ule ule nguvu inayotumika ni nyingi zaidi, na programu itasema umechoka. Pia ufuko una mlalo. Ukienda upande mmoja tu, mguu mmoja unakanyaga chini kuliko mwingine njia nzima, nyonga na goti vitakusemesha. Nenda na urudi njia ile ile. Kabla ya kutoka watazame wavuvi wanavyojipanga, na siku za bamvua ujihadhari, maji yanakwenda mbali sana na yanarudi kwa haraka. Programu ya mbio haina habari ya bamvua.

Dogo Fuoni (#13)

Ahsanteni sana. Kobe ulisema kweli, hatua 173, mapigo 173! Nimepandisha saa juu na kuikaza, leo imesoma 139 nikiwa naongea. Mama kapoa.

Sasa nina maswali mawili. La kwanza, Ramadhani mnafanyaje? La pili, programu imenikisia kwamba naweza kukimbia nusu marathoni kwa saa 1 na dakika 48. Nataka kwenda Kilimanjaro Marathon pale Moshi. Niiamini?

Kobe wa Maisara (#14)

Ramadhani kila mtu na mwili wake. Wengi wa kwetu wanakimbia kama dakika thelathini arubaini kabla ya magharibi, polepole kabisa, ili wakimaliza maji yako karibu. Saa hizo mwili ndio umekaukiwa zaidi kuliko muda wote wa siku, kwa hiyo mapigo yatapanda hata kwa mwendo wa kobe, usijaribu kuyafukuza. Mazoezi ya kasi, kama una hamu nayo, ni baada ya tarawehe, umeshakula na kunywa. Mie mwezi mzima natafuta kutopoteza, sitafuti kuongeza, na zile arifa za "wiki hii umepungua" nazizima. Mwenye sukari aongee kwanza na watu kama Tabibu.

Hilo la nusu marathoni: programu inachukua mbio zako za karibuni, ambazo kwako wewe ni Fuoni mpaka Mwanakwerekwe na kurudi, tambarare, usawa wa bahari, na ndefu kuliko zote ni kilomita ngapi? Kumi? Halafu inazirefusha kwa hesabu mpaka 21.1. Inadhani una mazoezi ya hizo kilomita kumi na moja za ziada, na huna bado. Na Moshi ni mita mia nane na zaidi juu ya bahari, njia ya nusu inapanda kuelekea Mweka kabla haijashuka. Ikikwambia 1:48, wewe jipange kwa saa 2 na dakika kadhaa, nusu ya kwanza uende kwa kipimo cha nyimbo. Nguvu zikibaki, utazitumia kwenye kushuka.

Kabla ya hapo ongeza siku moja ya wiki iwe ndefu na ya taratibu, uirefushe kidogo kidogo mpaka ufike kama kilomita 17 au 18. Kama unaweza, nenda kwa ndugu zako Pemba wiki mbili ukimbie na Mwana wa Wete.

Mwana wa Wete (#15)

Aje. Vilima tunavyo, na chakula kipo. Saa aiache kwa mama yake.

Mbio Bila Saa (#16)

Mie bado sinunui saa. Lakini nakubali kitu kimoja. Alphonce Simbu mwaka 2025 kule Tokyo alichukua ubingwa wa dunia wa marathoni, saa 2 dakika 9 sekunde 48, yeye na yule Mjerumani, Amanal Petros, wakaandikiwa muda mmoja, tofauti sekunde 0.03. Picha ya utepe ndiyo iliyoamua. Kwa hiyo kupima kuna mahali pake. Ila kule alikuwa anapigania dhahabu ya dunia. Huyu anayezunguka gari Maisara apate 10.00 anapigania nini?

Bint Kilimani (#17)

Anapigania kuituma kwenye kikundi kabla mumewe... samahani, mkewe hajaamka 😂

Fundi Simu (#18)

Huyo wa kuzunguka gari mwambieni aende njia ya kukimbilia ya Amaan akapime simu yake. Njia ya ndani kabisa raundi moja ni mita 400, raundi kumi ni kilomita 4. Simu ikimwandikia 4.2, basi ile 9.87 yake ya Maisara huenda ilikuwa pungufu zaidi ya hapo na gari angeizunguka mpaka adhuhuri. Ila ashike njia ya ndani kweli, asipimie ile ya nje kabisa. Njia ya nane inapita mita 450 kwa raundi, halafu mtu anakuja kibandani kwangu kusema GPS mbovu.

Dogo Fuoni, kabla hujaenda Pemba ilete simu nikutengenezee hiyo mipangilio ya betri, dakika mbili, sichukui hela. Usije Ijumaa mchana, nafunga.